Neville Thirtle na Bata wa Siberia

Katika kibanda cha kutazamia ndege, kile cha kaskazini pale Thornsey, kona ya dirisha la mwisho haikaliwi na mtu. Hakuna kibao kilichowekwa, hakuna aliyekataza. Watu huingia, hufunga mlango taratibu ili wasishtue ndege, hutupa jicho kwenye benchi lote, kisha hubanana upande wa mlangoni, goti kwa goti, kama kuku waliomwona mwewe, na nafasi ya watu wawili inabaki tupu. Lakini kinachokosekana zaidi ni mlio. Kwa miaka kumi na tisa kamera ya Neville Thirtle ililia kwenye kona ile, trrr, trrr, kama cherehani ya fundi aliyechelewesha sare za shule. Tuliulalamikia sana mlio ule. Mwenzetu Beryl Mobbs aliwahi kuiandikia kamati barua kuuhusu. Sasa kumetulia, na mtu akimeza chai yake mlangoni, wa katikati ya benchi anamsikia.

Neville alikuwa msoma mita za gesi. Miaka thelathini na miwili aliingia katika makabati ya chini ya ngazi za watu, akapiga magoti kati ya mifagio na mabuti ya mpira, akamulika kwa tochi, akasoma namba na kuiandika ilivyo. Mwanamke mmoja wa Norwich alimwomba siku moja asome vibaya kidogo tu, maana Krismasi ilikuwa imekaribia. Neville akamjibu, "Mama, mimi sisomi vizuri wala vibaya. Mimi nasoma." Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, mara nyingi, na hakuwahi kuiongezea chumvi, ndiyo maana ilichosha.

Alipostaafu alinunua lenzi. Ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima, na kwa kuwa baridi ya pwani yetu haina huruma na vitu vya watu, aliivalisha koti la kitambaa chenye madoadoa ya majani. Mkewe, Maureen, alisema lenzi imepata koti jipya kabla yake. Hakusema kwa uchungu. Alisema jinsi mtu anavyosema kwamba mvua imeanza.

Hivyo akaingia katika kundi letu la watazamaji wa ndege. Sisi ni wanaume na wanawake ambao watoto wao wamekua na magoti yao yameanza kulia. Tunavaa nguo za rangi ya tope ili ndege wasituone, kisha tunajifungia ndani ya kibanda cha mbao ambacho ndege hao wamekiona pale tangu walipokuwa mayai. Ndani tunanong'ona. Kuna adabu zake. Mtu haulizi, "Yule ni ndege gani?" Kuuliza ni kuvuliwa nguo hadharani. Unasema, "Kuna kitu pale karibu na matete," kisha unangoja mwingine ataje jina, na akishalitaja unajibu polepole, "Naam, ndivyo nilivyodhani." Nimewaona watu wawili wakimtazama ndege mmoja dakika arobaini, kila mmoja akingoja mwenzake adhani kwanza.

Na kila mtu ana orodha. Orodha ya maisha, orodha ya mwaka, orodha ya ndege walioonekana kutoka dirisha la jikoni. Ndege anaingia katika orodha ikiwa amefika kwa mabawa yake mwenyewe kutoka porini. Aliyesukumwa na dhoruba kutoka Marekani, amekonda, jicho moja limefumba, huyo ni mgeni wa heshima. Watu wataacha mazishi wamkimbilie. Lakini aliyetoroka kizimba cha bwana mmoja anayefuga ndege huko Suffolk, hata akiwa na manyoya yaleyale na sauti ileile, huyo si kitu. Hahesabiwi. Ni kuku aliyepotea njia. Tunaangalia nasaba za ndege kama wazee wa posa, na kitu tunachokiogopa kuliko vyote ni pete ya plastiki mguuni, kwa sababu pete ya plastiki huvalishwa na mfugaji.

Katika mambo haya Neville alikuwa mkali kuliko kadhi. Miaka mitatu kabla ya haya ninayoyaeleza, Clive Sadd, fundi wa boti aliyestaafu, mtu mnene mwenye kicheko cha kikohozi, alileta picha za mdiria ametua juu ya nguzo mbele ya kibanda. Picha nzuri mno. Neville aliziomba, akaenda nazo nyumbani, akazikuza katika kompyuta, akaona ndani ya ufa wa ile nguzo mkia wa funza mkavu. Mkia tu. Aliandika kurasa nne. Clive aliitwa mbele ya kamati akaulizwa kama amekuwa akiwawekea ndege chambo ili waisogelee kamera.

"Nilimpa chakula," Clive alisema. "Kwani Neville, wewe hulishi ndege nyumbani kwako?"

"Bustani ni bustani, Clive. Kibanda ni kibanda."

Sote tulitikisa vichwa kukubali, sisi ambao majumbani kwetu tuna magunia ya mbegu za alizeti ya kutosha kulisha kikosi cha jeshi. Clive akafutwa uanachama.

Neville mwenyewe alikuwa na hamu moja tu, na kila mtu aliijua ingawa hakuitaja. Kila mwaka kundi letu hutoa ripoti, kitabu chembamba chenye picha kwenye jalada, na ndani yake, mbele ya kila ndege adimu, huandikwa jina la aliyemwona kwanza. Jina hilo hubaki. Mtu akifa, wajukuu wakauza nyumba, bado kwenye kitabu atasomeka kwamba mwaka fulani, siku fulani, macho yake yalikuwa ya kwanza. Katika miaka kumi na tisa Neville hakuwahi kuwa wa kwanza. Mara nne alikuwa wa pili. Mara moja alikuwa chooni.

Basi ikaja Jumanne moja ya Januari, baada ya siku nne za upepo wa mashariki. Maji ya bwawa yalikuwa yameganda kingoni, na katikati bata wa kawaida walikuwa wamelala, vichwa ndani ya mabawa. Ndani ya kibanda walikuwemo wawili tu, Neville kwenye kona yake na Beryl Mobbs, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuwa akila mkate wa mayai.

"Beryl," Neville akanong'ona, "weka mkate chini."

"Kwa nini?"

"Uweke tu, tafadhali."

Beryl akauweka, akachukua darubini. Kati ya wale bata wenye rangi ya mvua, mmoja alikuwa ameinua kichwa, na uso wake ulikuwa kama umechorwa na mtu asiyejua kuacha: manjano, kijani kinachong'aa, mstari mweusi ukishuka kutoka jichoni kama wanja uliochuruzika. Bata dume wa Siberia. Pwani yetu haikuwahi kumwona.

"Mungu wangu," Beryl akasema. Kisha akasema lile la maana kwake. "Nani kamwona kwanza?"

"Mimi."

"Una hakika? Maana nami nilikuwa natazama hukohuko."

"Ulikuwa unatazama yai, Beryl."

Kamera ililia siku ile mpaka betri ikaisha. Neville alipiga picha elfu moja na mia mbili. Kabla ya saa sita mchana alishatuma habari kwa kundi zima, na hapo ndipo alipokosea, kama lilikuwa kosa. Mtu mwingine angekaa na picha zake kwanza. Yeye aliona kumficha ndege ni sawa na kuificha mita.

Walikuja. Walikuja kutoka Wales na Uskoti, wakaacha magari kwenye shamba la Bwana Howes mpaka trekta likashindwa kutoka. Mmoja alifika akiwa na ua la harusi kwenye koti. Aliwaambia watu harusi ni ya dada yake na kwamba dada yake anaelewa, na simu iliyoita mfukoni mwake kila dakika mbili ilionyesha asivyoelewa. Wanawake wa kanisa walitoa chai na skoni, vile vijikate vitamu, mlangoni mwa kanisa, na kwa mara ya kwanza tangu vita watu walipanga foleni kuingia mle. Na bata aliogelea, akazunguka, akalala. Watu mia tatu walimtazama wakaandika. Hakuna aliyeona mguu wake. Bata akiwa majini, miguu yake ni siri ya maji.

Jioni ya Jumanne ileile, hata wageni hao hawajafika, saa kumi na moja, giza la Januari likiwa limeshafunga madirisha, Neville alikaa kwenye meza ya jikoni na kompyuta yake. Maureen alikuwa akimenya viazi. Akapita nyuma yake kwenda kwenye sinki, akasimama.

"Hiyo nzuri," akasema.

Ilikuwa picha ya mia nne na kumi na saba. Bata alikuwa ametoa mguu nje ya maji na kuuinua mpaka shavuni ajikune; matone yalikuwa yamesimama hewani kama shanga zilizokatika uzi. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga.

"Lakini Neville, mbona bata wako kavaa bangili?"

"Ni tope."

"Tope la buluu?"

"Basi mwani. Kule kuna mwani wa kila namna."

Maureen akainama, kisu cha viazi mkononi. "Wenye namba saba?"

Neville alikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena, kama mtu anayegonga kioo cha mita akitumaini sindano itarudi. Pete ilibaki pale, ya plastiki, buluu ya ndoo ya mtoto wa ufukweni, na juu yake namba saba imechapwa kwa ustadi na mfugaji mmoja asiyejua kwamba ameharibu maisha ya mtu.

"Utawaambia?" Maureen akauliza.

"Nitaitazama vizuri kwanza."

"Umeshaitazama vizuri. Lenzi hiyo inaona mpaka dhambi za watu, uliniambia mwenyewe siku ya Clive."

Maureen hakujua ndege, alijua mume. Akarudi kwenye viazi.

Kamati ina fomu yake ya kuandikisha ndege adimu. Ni kurasa sita, na katika ukurasa wa tatu kuna swali: Je, miguu ya ndege ilionekana? Eleza. Neville alilipita swali hilo siku mbili, akajaza mengine yote, hali ya hewa, umbali, mwelekeo wa upepo, kisha akarudi. Akaandika: "Kwa sehemu kubwa ya muda ndege alikuwa akiogelea." Ilikuwa kweli. Ukiipima sentensi ile kwa mizani huioni ikipungua hata chembe. Akaambatanisha picha kumi na moja, ndege akiwa ndani ya maji katika zote, akatia saini. Miaka thelathini na miwili alikuwa amepiga magoti mbele ya namba. Sasa alijifunza, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, jinsi ya kutazama namba na kupita.

Walimkubali bata kwa kauli moja. Daktari Alastair Pymm, mwenyekiti wetu, daktari wa meno mstaafu ambaye kwa miaka kumi na tisa alimwita Neville "Norman", alimpigia simu mwenyewe. "Neville, ndugu yangu! Picha yako inaingia kwenye jalada. Na kwenye mlo wa mwaka utatuonyesha picha zote, eh? Usitunyime."

Tukabadilika nasi. Akiingia kibandani tulisogeza magoti apite. Beryl alimpa nusu ya mkate wake, jambo ambalo marehemu mumewe hakuwahi kulipata. Na nilianza kuona kwamba kamera yake hailii kama zamani. Alikaa kwenye kona, lenzi imeelekea bwawani, kidole juu ya kitufe, bila kubonyeza. Nilidhani ni unyenyekevu. Tulisema wote: tazama, heshima imemtuliza.

Mwezi wa pili Clive Sadd alikuja. Alikuwa hajakanyaga Thornsey miaka mitatu. Aliendesha gari kutoka Lowestoft kumwona bata, na alipofungua mlango wa kibanda sote tulianza kuchunguza chupa zetu za chai. Akaenda moja kwa moja akaketi karibu na Neville. Benchi likalia.

"Yuko wapi?"

"Kushoto kwa kile kisiki. Amelala."

Clive akatazama muda mrefu. "Mzuri yule, bwana. Unajua, angetangazwa na mtu mwingine, ningekuja na wasiwasi. Bata hawa wanafugwa sana. Lakini niliposikia ni Neville, nikamwandika kwenye orodha kabla sijawasha gari."

"Ungengoja umwone."

"Ya nini? Wewe si ndiye uliyenipeleka kamati kwa mkia wa funza? Mkia, jamani! Hata funza mzima hakuwa!" Akacheka, akakohoa, bata wawili wakaruka, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. "Mtu wa hivyo akisema bata, ni bata. Nilikuchukia mwaka mzima, Neville, sikufichi. Lakini kukuona mwongo, hapana. Hilo lilikataa kuniingia kichwani."

Neville akasema koo lake linamuwasha, akatoka nje. Alisimama kwenye upepo nusu saa. Kupitia dirishani tulimwona akitazama viatu vyake.

Mlo wa mwaka huwa Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa saba mchana, katika ukumbi wa kijiji. Zilikuwepo pai za nyama ya nguruwe, vitunguu vya siki, soseji zilizoviringishwa kwenye unga, na bakuli tatu za keki iliyolowekwa kwa mvinyo na kufunikwa krimu. Watu sitini walikuwa wamekaa. Projekta iliwekwa juu ya kiti cha mtoto. Maureen alikaa mbele, amevaa koti jipya. Hatimaye lilikuwa limefika.

Neville alionyesha picha zake kumi na moja. Kila moja ilipotokea ukutani, watu walifanya aah, na vijiko vikatulia. Daktari Pymm alianza kuinuka ili ashukuru. Neville akasema, "Iko moja zaidi."

Bata akajaza ukuta, mguu shavuni, matone hewani. Aah hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Kisha ikakatika, kila mtu kwa wakati wake, kama taa za mtaa zinavyozimika. Pete ilikuwa ukutani pale, kubwa kama gurudumu la baiskeli, na namba saba ndani yake kubwa kama mtoto wa miaka minne. Kila mtu aliiona. Sote tulingoja mwingine adhani kwanza.

Neville akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya pazia, akagusa ukuta kwa mpini wake.

"Hii ni pete," akasema. "Ya plastiki. Imeandikwa namba saba. Bata huyu ametoka kizimbani."

"Ni mwanga," Beryl akasema haraka. "Mwanga wa asubuhi unafanya mambo."

"Yaweza kuwa mwani," akasema mwingine.

"Au ya wanasayansi. Kwani Siberia hakuna wanasayansi?"

"Wa kwao huvalisha ndege pete za chuma, kama wa kwetu," Neville akasema. "Hii ni ya dukani."

"Siberia ni kubwa, Neville! Unaijua yote?"

Daktari Pymm akainua mkono, sura ya mtu aliyezoea kuwaambia watu kwamba haitauma. "Tuwe watulivu. Picha hii haikuletwa mbele ya kamati. Kamati haiwezi kuona kitu ambacho haikupelekewa. Kwa hiyo, kwa utaratibu, pete hii haipo. Neville, ndugu yangu, ukiizima tu hiyo mashine, tunaweza kuendelea na keki."

Na hapo, nadhani, alipewa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na sote tulikuwa tumesimama upande wa pili tukimpungia mikono. Angeweza kuizima. Jina lake lingekaa kwenye kitabu, na watu sitini wangeapa ni mwani mpaka kaburini.

"Haipo kwenye utaratibu," akasema, "lakini ipo kwenye mguu."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Ileile ya kwanza."

Kisha akasimama Gerald Larter, mtu mpole, mpiga kinanda wa kanisa, uso umemwiva. "Nilimleta shemeji yangu kutoka Aberdeen kumwona bata yule! Muda wa saa kumi na moja barabarani, mgongo wake mbovu!"

"Pole, Gerald. Lakini bata mlimwona?"

"Tulimwona, ndiyo."

"Alikuwa mzuri?"

"Hiyo si hoja!" Gerald akafoka. "Uzuri ndio nini? Hahesabiwi!"

Kamati ilikutana palepale jikoni, kati ya masinki na sahani chafu. Dakika kumi. Walipotoka, bata alikuwa amefutwa. Nikasikia sauti ambayo sijaisahau: daftari zikitolewa mifukoni, kurasa zikifunuliwa, kalamu zikikata mstari, sitini kwa pamoja, kama panya darini. Nami nilikata. Nilikata kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, karatasi ikatoboka.

Katika ripoti ya mwaka ule bata yuko ukurasa wa mwisho, chini ya kasuku na bata bukini wa bustanini, katika orodha ya waliotoroka. Orodha ile haiandiki majina ya walioona. Jalada lilipewa picha ya Beryl, ndege mdogo wa kifua chekundu ametua kwenye mpini wa jembe. Ndege huyo Beryl humlisha funza kwa mkono wake kila asubuhi, na sote tunajua.

Hakuna aliyemfukuza Neville. Kwetu watu hawafukuzwi. Husalimiwa kwa adabu zaidi. Akiingia, tulisema, "Habari za asubuhi, Neville, baridi leo, eh?" halafu mmoja akakumbuka ana miadi ya daktari wa macho, mwingine akakumbuka mbwa, na dakika tano baadaye alikuwa peke yake. Wengine walimlaumu kwa kuficha. Wengine, walio wengi, walimlaumu kwa kutoficha mpaka mwisho. Wote walikubaliana kwamba hawezi kuaminika.

Clive alimpigia simu. Maureen alinisimulia haya dukani, kati ya rafu za sabuni.

"Kwa hiyo hata mimi nilionewa," Clive alimwambia.

"Hapana, Clive. Funza alikuwepo."

"Najua alikuwepo, mimi si ndiye niliyemweka! Nilitaka tu useme nilionewa, angalau mara moja, tuwe sawa."

"Siwezi kusema hivyo."

Clive alicheka mpaka simu ikakatika.

Bata alikaa mpaka Aprili. Alizoea kibanda, aliogelea karibu kabisa na dirisha, hatua tano, uso wake ule wa manjano na kijani ukiwaka juu ya maji ya kijivu, na mara nyingine alipanda ukingoni akasimama kwa miguu yake yote miwili, pete nje, bila haya. Alikuwa bata yuleyule. Alikuwa amefika kwa mabawa yake kama mwingine yeyote, hata kama alianza safari kutoka kizimba na si kutoka Siberia. Aliona mlango wazi siku moja akatoka, akavuka mashamba yenye barafu asiyoyajua, akapata maji, akashuka. Watu walitazama juu ya kichwa chake, wakitafuta kitu kule mbali kwenye matete. "Yule tena," walisema. Nilimtazama siku moja mpaka machozi yakanitoka, na yalikuwa ya baridi, lakini si yote. Sikumwandika.

Neville alikuja mara sita zaidi. Mara zote sita alipiga picha za bata yule, trrr, trrr, akiwa peke yake kwenye kona. Mara ya saba hakuja.

Nyumba yao ya Thornsey waliiuza kiangazi kilichofuata. Neville Thirtle anaishi Cromer sasa, ghorofa ya pili, nyuma ya kituo cha basi, na kila Jumatano na Ijumaa anafanya kazi ya kujitolea katika duka la vitu vilivyotumika, ambako anapiga picha za vikombe, taa na viti vinavyouzwa mtandaoni.